Pipa la thoriamu na hesabu ya nyutroni

Fundi umeme mmoja wa Ngamiani kaniletea mchoro wa kinu cha nyuklia. Kwa kuwa nimesomea fizikia ya nyutroni, michoro ya namna hii hunifikia, na huu una akili kuliko mingi. Ni pipa la chuma lenye thoriamu, metali yenye mionzi anayotarajia kuichenjua kutoka mchanga mzito wa pwani. Katikati kuna chanzo kidogo cha nyutroni, yaani chembe za ndani ya atomi zinazoweza kupasua atomi nyingine na kutoa joto. Hoja yake ni kwamba mpasuko huo wa atomi haujiendeshi wenyewe: chomoa chanzo, kinu kinazimika.

Wazo hilo lina ukoo mzuri. Carlo Rubbia, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1984, alipendekeza kinu cha aina hiyo miaka ya 1990. Thoriamu nayo si ngeni kwetu: vifuko vya karabai za zamani vilitiwa thoriamu ili ving'ae.

Tatizo ni nyutroni. Thoriamu 232 ikimeza nyutroni kwa kawaida haipasuki. Inageuka protaktiniamu 233, ambayo nusu yake huwa urani 233 kila baada ya siku 27 hivi. Hiyo urani ndiyo mafuta, na kila atomi yake imegharimu nyutroni moja. Sasa nimkarimu fundi wangu: nimpe chanzo cha nyutroni milioni 10 kwa sekunde, kikubwa kuliko vile vya kupimia unyevu wa udongo barabarani. Gramu moja ya urani 233 itamchukua zaidi ya miaka milioni 8.

Haya, tuseme kapewa urani hiyo bure, ya kutosha pipa lizidishe kila nyutroni mara 50, yaani liwe karibu kabisa na kujiendesha. Anapata nyutroni milioni 500 kwa sekunde, na mipasuko kama milioni 200. Wati moja inataka mipasuko bilioni 31 kila sekunde. Kwa hiyo pipa zima linatoa joto la wati 0.0065, halitoshi hata kile kitaa chekundu cha tivii iliyozimwa.

Rubbia aliliona hilo, ndiyo maana chanzo chake ni mashine ya kurusha protoni, chembe nyingine za ndani ya atomi, kwenye metali ya risasi. Kila protoni hung'oa nyutroni zaidi ya 20, na protoni zenyewe ni mamilioni ya mabilioni kwa sekunde. Mashine hiyo haiingii kwenye pipa, wala kwenye karakana ya Ngamiani.

Na kuchomoa chanzo hakuzimi kila kitu. Mabaki ya mpasuko huendelea kutoa joto, kama asilimia 6 ya nguvu ya awali mara tu baada ya kuzima. Kwenye ajali ya vinu vya Fukushima, Japani, 2011, mpasuko ulikuwa umeshasimama. Joto hilo la mabaki ndilo lililoyeyusha mafuta. Kwa wati 0.0065 halimhusu. Siku pipa lake likifika megawati litamhusu sana, na mchoro hauna hata bomba la maji.