Je, Wajua Kwa Nini Timu Nzuri ya Besiboli Hupigwa Kwao?

Mcheza kwao hutunzwa, na kwenye soka hakuna anayebishia hilo. Shabiki wa Arusha anayeingia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, kama yule wa Moshi anayekwenda Ushirika, hudai ushindi kama deni. Wageni wametoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kwa basi, uwanja hawajauzoea na jukwaa zima linawazomea. Wakiondoka na pointi tatu, hasira huanzia getini.

Kijana wa Kaloleni, Arusha, anayefuatilia besiboli ya Marekani kwenye simu huwa na hasira hiyo hiyo, ila yake haina pa kushika. Mechi ya saa 1:10 jioni kule Houston huku kwetu ni saa 9:10 usiku, kwa hiyo matokeo huyakuta asubuhi: timu imefungwa tena nyumbani. Wiki nzima inapita hivyo. Ugenini timu hiyo hiyo inashinda. Mashabiki wanamlaumu kocha, wengine wanasema wachezaji hawajitumi mbele ya watu wao. Kabla ya kumlaumu mtu, inabidi kujua nyumbani kunatoa nini hasa katika mchezo huu.

Kunatoa kidogo. Kwenye ligi kuu ya Marekani, wenyeji hushinda takriban mechi 54 katika kila 100. Kwenye mpira wa kikapu wa kulipwa wa huko huko, kiwango hicho kimekuwa karibu na 60 kwa miaka mingi. Na besiboli haina sare, kwa hiyo 54 dhidi ya 46 ndiyo tofauti yote iliyopo. Katika mechi 81 ambazo kila timu hucheza nyumbani kwa msimu, uwanja wa nyumbani unaiongezea timu ya kawaida ushindi wa mechi tatu hivi juu ya nusu. Tatu tu, kati ya Machi na Septemba.

Sababu iko kwenye tendo lenyewe. Mrushaji, yaani anayetupa mpira, husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa unakata umbali huo kwa muda unaokaribia sekunde 0.4, na ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa aamue kama atazungusha gongo, kisha augonge mpira wa duara kwa gongo la duara. Wapigaji bora kabisa duniani hushindwa takriban mara saba katika kumi. Kelele za jukwaa zinaweza kumfanya beki wa soka akimbie mita kumi zaidi. Haziwezi kumfanya mpigaji aone vizuri zaidi, na akikaza misuli kwa pupa ya kuwafurahisha watu wake, gongo hupotea njia. Msimu wa kawaida wa 2020, kabla ya mtoano, ulichezwa bila mashabiki kabisa, na wenyeji waliendelea kushinda kwa kiwango kile kile cha zamani. Ligi ya Ujerumani ya soka iliporudi Mei mwaka huo huo kwenye viwanja vitupu, ushindi wa wenyeji ulishuka waziwazi.

Ratiba nayo huwasaidia wageni. Timu ya besiboli haiji kucheza mechi moja na kuondoka. Kwa kawaida hukaa mji mmoja kwa mechi tatu au nne mfululizo, ikazoea upepo, taa na namna mpira unavyodunda ukutani. Kufikia mechi ya pili, ugeni umeshapungua sana.

Uwanja wenyewe je? Hapa ndipo mashabiki hukosea zaidi. Vipimo vya katikati vimewekwa na sheria, lakini umbali wa ukuta wa nje kila mji hujipangia. Boston ina ukuta wa kushoto wenye kimo cha mita 11.3, Houston ukuta wa kushoto uko pembeni mita 96 tu kutoka kwa mpigaji. Ukuta ukiwa karibu, mipira mingi huuvuka na magoli, yaani pointi za besiboli, huongezeka, lakini huongezeka kwa timu zote mbili, maana wageni hupiga kuelekea ukuta ule ule. Faida huja pale tu uongozi unaposajili wachezaji wanaoufaa uwanja wao. Ukisajili vibaya, unakuwa umewajengea wageni.

Mfano ambao mtu wa Arusha ataelewa haraka ni Denver, mji wa Colorado Rockies, ulio kama mita 1,600 juu ya bahari. Arusha iko kama mita 1,400. Hewa ya Denver ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya pwani, kwa hiyo mpira uliopigwa juu huenda mbali zaidi kwa asilimia 5 hivi, na mpira wa kukata, ambao hutegemea hewa ili upinde, hupinda kidogo. Mrushaji anayeishi kwa mipira ya kukata huteseka huko. Mwaka 2002 walianza kuhifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu uliodhibitiwa ili isikauke na kuruka kupita kiasi. Rockies ilianza kucheza 1993, na pamoja na uwanja huo wa pekee haijawahi kumaliza kileleni mwa kundi lake. Hewa yetu nayo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na kipa aliyetoka pwani afadhali aanze kujizoesha mipira mirefu siku moja kabla ya mechi, kwa sababu huku huchelewa kushuka.

Kuna pia mtego wa hesabu ambao huwanasa hata wachambuzi. Mechi ina awamu 9, na katika kila awamu wageni hupiga kwanza. Wenyeji wakiwa mbele baada ya wageni kumaliza zamu yao ya tisa, mechi inaishia hapo na wenyeji hawapigi tena. Timu inayoshinda sana nyumbani hivyo hupiga awamu 8 katika mechi nyingi, lakini ugenini ikishinda hupiga zote 9. Ukijumlisha magoli ya msimu utaona imefunga machache nyumbani na utalalamika bure. Gawanya magoli kwa idadi ya awamu ilizopiga, kisha linganisha.

Baada ya hayo yote hubaki bahati, na hapa jambo linaweza kupimwa mezani. Chukua sarafu ya shilingi 200, irushe mara 81, hesabu vichwa. Mara saba katika kumi hivi utapata kati ya 36 na 45. Maana yake, tofauti ya ushindi tisa inaweza kuwepo bila mtu yeyote kucheza vizuri au vibaya. Timu ya wastani, yenye ile faida yake ya 54 kwa 100, bado itamaliza na ushindi 39 au pungufu nyumbani takriban msimu mmoja katika sita.

Houston Astros walilionja hilo. Mwaka 2022 walishinda mechi 55 kati ya 81 nyumbani na kutwaa ubingwa. Mwaka 2023 walishinda 39 tu nyumbani na 51 ugenini, kwenye uwanja ule ule, na ukuta haukusogezwa hata inchi. Katika mtoano wa mwaka huo walikutana na Texas Rangers kwa mechi saba, na zote saba alishinda mgeni. Rangers wakaenda kuchukua ubingwa wakiwa wameshinda mechi zao zote 11 za ugenini katika mtoano. Hata fainali ya 2019, Houston dhidi ya Washington Nationals, ilikuwa hivyo: mechi saba, wenyeji hawakushinda hata moja.

Kwa hiyo hasira ya shabiki aanze nayo baada ya kuangalia mambo mawili. Kwanza, magoli ya kufunga na kufungwa nyumbani, maana timu inayopoteza mechi nyingi kwa goli moja moja iko karibu kupona, ila inayopigwa kwa sita sita ina ugonjwa. Pili, nani alikuja, kwa sababu vigogo wanne wakipangwa mwezi mmoja kwako, nyumbani kutaonekana kubaya. Katika Ligi Kuu yetu ya timu 16, mechi za nyumbani ni 15 tu kwa msimu. Tatu za kwanza zikiharibika, hapo bado hakuna hesabu ya kumfukuzia kocha.