Ufafanuzi: Si kila ufukwe mtupu unahitaji mikoko

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ukisema kwamba ufukwe wowote wa matope ulio wazi umeharibiwa, na kila anayechomeka mbegu ya mkoko pale anaokoa bahari. Nia ni njema, lakini maelezo hayo si sahihi.

Mikoko huota kuanzia karibu na usawa wa wastani wa bahari hadi yanapofika maji ya bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida. Chini ya usawa huo wa wastani miche hufunikwa na maji muda mrefu mno, mizizi hukosa hewa, na mawimbi huing'oa. Tena matope hayo "matupu" ni malisho ya ndege wa pwani, na penye nyasi za bahari hukulia samaki wachanga. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, mlilana, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko, ndio husimama mbele baharini. Mkoko wenyewe, ule ambao mbegu zake huchomekwa, hufuata nyuma yake.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu picha hupigwa siku ya kupanda, si miaka mitatu baadaye, miche ikiwa imeshakufa.

Kuhakiki ni rahisi. Chukua mpira wa bomba mwangavu uliojaa maji, kama ule wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa. Linganisha ardhi chini ya mikoko ya asili iliyo jirani na pale unapotaka kupanda. Kama pale unapotaka kupanda ni chini zaidi, usipande. Angalia pia miche iliyojiotea: ikiwepo, ilinde tu. Isipokuwepo, tafuta sababu, kama ukataji, tuta la barabara au mkondo uliozibwa. Kuuzibua mkondo mara nyingi hurudisha msitu bila kupanda chochote.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Aliyekutumia, mwulize kwanza kama kina cha maji kimepimwa.