Homa haishuki na malaria hamna: maswali mnayouliza sana kuhusu vipimo

Mtoto ana homa siku ya tatu, kipimo kimesema hamna malaria. Si nimpe tu dawa ya mseto? Hivi vipimo vya siku hizi mi siviamini.

Usimpe. Zamani ndo tulikuwa hivyo, homa yoyote tunaiita malaria, tunameza klorokwini, maisha yanaendelea. Toka 2010 WHO wanasema pima kwanza ndo utibu, na sababu ipo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kutoka hospitali za Tanzania, wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa wakitibiwa malaria kali, damu zao zilipoangaliwa vizuri wenye vijidudu walikuwa asilimia 46 tu, na wale ambao hawakuwa na malaria ndo walikufa kwa wingi zaidi. Yani mtu anatundikiwa dripu ya kwinini huku kinachomuua ni kitu kingine kabisa.

Homa ikiendelea mrudishe apimwe tena. Ila kama anatapika kila kitu, hanyonyi, amepata degedege au amelegea hashtuki ukimwita, hapo hakuna kusubiri kesho, nenda saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Nimemaliza dozi wiki iliyopita, nimepima tena kipimo kinasema bado nina malaria. Dawa ilikuwa feki?

Inawezekana, lakini kabla hujamlaumu mtu wa duka la dawa elewa kile kipimo cha kutoboa kidole kinavyofanya kazi. Tone la damu linawekwa kwenye kishimo, yanafuata matone ya maji yake, mnasubiri dakika 15 mpaka 20. Mstari wa C lazima utokee, usipotokea kipimo kibovu tupa, na wa T ukitokea hata kama ni hafifu inahesabika ni malaria. Sasa vipimo vingi tunavyotumia havimtafuti mdudu mwenyewe, vinatafuta protini yake inaitwa HRP2, na hiyo inabaki kwenye damu wiki mbili tatu hata zaidi wakati wadudu washakufa zamani. Kwa hiyo ukiwa umetoka kutibiwa juzi juzi na bado unaumwa, omba upimwe BS, ile damu ya kwenye kioo inayoangaliwa kwa hadubini.

Nimeambiwa nina wadudu wawili. Si wachache hao?

Mtu wa maabara anahesabu wadudu huku anahesabu na seli nyeupe mpaka zifike 200. Wawili kwa seli 200 maana yake kama wadudu 80 kwenye kila maikrolita moja ya damu, na tone lako moja lina maikrolita nyingi tu. Tibiwa. Ingawa tuseme ukweli, wale "wawili" wa baadhi ya maabara ni mabaki ya rangi kwenye kioo kisichosafishwa vizuri, hakuna mdudu pale.

Kila nikipima taifodi inatoka. Nimechoma sindano mpaka nimechoka, mbona haiishi?

Hili swali sasa. Kipimo ulichopimwa karibu hakika ni Widal, cha toka mwaka 1896, kinachoangalia askari wa mwili na sio bakteria. Askari hao wanaweza kuwepo kwa sababu uliwahi kuugua zamani, au ulichanjwa, au umekutana na bakteria wa ukoo huo huo, hata malaria inaweza kukivuruga. Ukiandikiwa 1/80 au 1/160, yani damu imezimuliwa mara 80 au 160 na askari bado wanaonekana, kwa kupima mara moja peke yake haisemi unaumwa leo. Ilitakiwa damu mbili, ya pili baada ya siku 7 mpaka 14, tuone kama namba imepanda mara nne, na nani anarudi baada ya wiki mbili akiwa ameshapona? Kwa maoni yangu ile "malaria, taifodi na UTI" ya pamoja kwenye karatasi moja inatupotezea hela na antibiotiki nyingi sana.

Kama sio malaria wala taifodi, ni nini?

Kwa watoto mara nyingi ni virusi au kifua. Kwa waliolazwa, watafiti walifuatilia watu 870 wenye homa kwenye hospitali mbili za Moshi miaka ya 2007 na 2008: madaktari walidhani malaria kwa asilimia 60, iliyokutwa kweli ni asilimia 1.6. Waliopimwa kikamilifu magonjwa yanayotoka kwa wanyama, kama robo walikuwa nayo, leptospirosisi, homa ya Q, homa za kupe, brusela. Hiyo leptospirosisi ndo homa ya mgunda iliyotangazwa Lindi 2022, inatoka kwenye mkojo wa panya na mifugo. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama unafuga mbuzi au umelima shamba lenye maji usione anapiga stori, mwambie.

Shida ni kwamba mengi ya hayo yaligundulika kwa kulinganisha damu ya siku ya kulazwa na ya wiki kadhaa baadaye. Kwa mtafiti safi, kwa mgonjwa aliyeko kitandani leo hayamsaidii, ndo maana daktari wakati mwingine anaanza dawa kwa kukisia na anakuwa hajakosea.

Kwa nini wasioteshe damu basi wajue moja kwa moja?

Kuotesha ni kuitunza damu yako ili bakteria waliomo wakue mpaka wajulikane ni nani. Inahitaji chupa maalumu, umeme usiokatika, mtaalamu, na siku mbili mpaka tano za kusubiri, zahanati nyingi hazina hata kimoja. Na hata ikifanyika, kwa taifodi inakamata kama nusu tu au zaidi kidogo ya wagonjwa, kwa sababu bakteria kwenye damu ni wachache mno. Ndo maana mtu mzima anatolewa mililita 8 mpaka 10, watu wanalalamika wananyonywa damu. Ukibahatika kuwa kwenye hospitali yenye huduma hiyo, waambie wachukue kabla ya sindano ya kwanza ya antibiotiki, na kama ulishameza vidonge nyumbani usifiche.