Kabla hujatamani mhimili wa nne

Vijana wanaonijia hapa Katwe, Kampala, wakitaka kujiundia CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, huanza na swali hilohilo: "Fundi, mhimili wa nne utaniongezea gharama kiasi gani?" Nami huwauliza: ssebo, unataka kuchonga nini? Karibu wote hutaja milango ya mvule na mabango ya maduka. Kazi hizo mihimili mitatu inazimaliza.

Mhimili ni njia moja ya mwendo wa mashine: X ni kulia na kushoto, Y mbele na nyuma, Z juu na chini. A, B na C ni mizunguko kuizunguka hiyo mitatu, kwa mpangilio huohuo. Wa nne mara nyingi ndio A: gogo linalala sambamba na X na kuzungushwa huku likichongwa, ukapata mguu wa meza wenye nakshi pande zote. Ukiuhitaji kweli, tafuta bodi ya kuongozea mota yenye nafasi yake, maana GRBL ya kawaida, programu inayoendesha mashine hizi, kwenye bodi ndogo ya Arduino Uno huendesha mitatu tu.

Swali linalostahili kukukosesha usingizi ni jingine: kitembee nini, meza au daraja linalobeba spindo, ile mota inayozungusha biti ya kukatia? Meza ikitembea, daraja unalifunga moja kwa moja kwenye fremu, linatulia, hata alumini unaikata. Ila fremu itadai karibu mara mbili ya urefu wa kazi. Plaiwudi nzima ni milimita 1220 kwa 2440, na karakana zetu unazijua. Kwa ukubwa huo tembeza daraja, tena kwa mota mbili, moja kila upande, la sivyo upande mmoja utaburuzwa na mraba wako utatoka umepinda.

Reli usizionee ubahili. Fimbo ya duara iliyoshikwa ncha mbili tu, ukiirefusha mara mbili, chini ya mzigo uleule itapinda mara nane. Nunua reli iliyoegemezwa urefu wote.

Kuendesha, mkanda ni rahisi na una kasi, lakini huvutika. Mimi nauachia mashine za leza. Kwa mbao ngumu napenda skrubu ya goroli, ambayo nati yake hutembea juu ya goroli, ya 1605: kipenyo milimita 16, mzunguko mmoja husogeza milimita 5. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 8, inakupa 1600 kwa mzunguko. Gawa kwa 5, unapata hatua 320 kwa milimita. Hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye $100, mpangilio wa GRBL wa hatua kwa milimita za X. Usidhani sasa unakata kwa usahihi wa sehemu moja ya 320. Nati iliyolegea hula zaidi ya hapo.

Z ndiyo watu huidharau. Kwa milango, mwendo wa milimita 100 unatosha, na kadiri spindo inavyoning'inia mbali na daraja ndivyo inavyotetemeka. Halafu kuna umeme wetu. Skrubu ya goroli haijifungi yenyewe: mota ikikosa umeme, spindo nzito inaweza kuteleza na kuzamisha biti kwenye mvule wa mteja. Weka mota yenye breki, au tumia kwa Z skrubu ya T8, isiyo na goroli, inayosogea milimita 2 kwa mzunguko. Ni ya polepole, lakini umeme ukikatika inabaki palepale.