Samaki mmoja akioza: tunavyojidanganya kuhusu ofisi zilizoharibika

Muulize mtu kwa nini ofisi yao imeharibika, atakutajia jina. Ni fulani, akiondoka huyo mambo yatanyooka. Fulani ataondoka, ataletwa mwingine, na baada ya miezi sita jina jipya litatajwa kwa maneno yaleyale.

Dhana: "Samaki mmoja akioza, wote wameoza"

Methali hii tumeirithi sokoni, na sokoni ni kweli. Ofisini inatupotosha, kwa sababu inatufanya tumsake samaki bila kuliangalia tenga.

Septemba 2016, benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake walifungua akaunti na kuomba kadi kwa majina ya wateja wasiojua lolote. Makadirio ya kwanza yalifika akaunti milioni 2. Mwaka uliofuata yakapanda hadi milioni 3.5. Kufikia Septemba ile ya 2016 benki ilikuwa imeshawafukuza watu wapatao 5,300 katika muda wa miaka mitano hivi. Watu 5,300 hawawezi kuwa samaki mmoja.

Tenga lenyewe lilikuwa hivi. Lengo la benki lilikuwa kila mteja awe na bidhaa zake nane. Kwa nini nane? Kwa sababu kwa Kiingereza neno hilo, "eight", lina vina na neno la kusifia, "great". Mkuu wa benki, John Stumpf, alilieleza hivyo mwenyewe. Tageti zikashuka kutoka makao makuu hadi dirishani kwa keshia. Huyo keshia anawajua wateja wa mtaa wake, anajua hawana haja ya bidhaa nane. Anajua pia kwamba jioni ataulizwa ameuza ngapi, na kodi ya nyumba inamsubiri. Wachumi wana kanuni yenye jina la Charles Goodhart wa Uingereza: kipimo kikishageuzwa kuwa lengo, kinaacha kupima.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba mtu huwa mwashi kwa kujenga, na huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Naamini na uovu hujifunzwa hivyohivyo: akaunti moja ya uongo saa kumi na moja jioni, kesho mbili, na mwezi ujao mkono haustuki tena. Simwondolei keshia lawama. Nasema waliomfundisha kazi hiyo walikuwa wakipokea bonasi.

Dhana: "Kikao kikiwa kimya, watu wameridhika"

Miaka michache iliyopita nilifanya kazi mahali ambapo kila Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa na kikao. Bosi alisoma takwimu za mwezi, akafunga faili, akauliza, "Kuna mwenye swali?" Watu kumi na wanne tukainamia madaftari. Mimi nilikuwa nachora visanduku pembeni mwa ukurasa. Nilijua namba zile zimepikwa. Kaka aliyeketi kulia kwangu alijua zaidi, maana ndiye aliyeagizwa kuzipika. Kikao kikafungwa. Kwenye ngazi, hata hatujafika kwa mama ntilie, wote tukapata sauti.

Funika kombe mwanaharamu apite: ndivyo tulivyoishi, na tukakiita kimya chetu heshima kwa wakubwa. Heshima haikuwemo mle ndani. Ulikuwa woga, na hesabu ya ada za watoto. Hata majungu, tunayoyalaumu kila siku kama tabia ya watu wa hovyo, mara nyingi ni maneno ya kweli yaliyonyimwa nafasi kikaoni.

Kuna mahali watu walisema na bado haikusaidia. Usiku wa 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, akiwemo Roger Boisjoly, walionya kwamba mipira inayoziba viungo vya roketi za chombo cha anga Challenger isingehimili baridi ya asubuhi. Mkubwa mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi, avae ya umeneja. Akaivaa. Kesho yake chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa. Nadhani sentensi ile ya kofia husemwa kwa namna fulani katika kila ofisi iliyoharibika: weka kando unachokijua, fikiria nafasi yako.

Dhana: "Hapa sisi ni familia"

Husemwa kwenye sherehe ya Desemba, na husemwa unapoombwa kubaki hadi saa tatu usiku bila ovataimu. Sikumbuki kusikia likisemwa siku ya kupunguza watu. Mwanafalsafa Mjerumani Kant aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu, na sisi tuna neno fupi zaidi, utu. Mwajiri hahitaji kuwa mzazi wangu ili aheshimu utu wangu. Anilipe kwa wakati, aheshimu likizo yangu, asinitume kudanganya.

Dhana: "Maadili yetu yako ukutani"

Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001 baada ya udanganyifu wa hesabu zake kufichuka, ilikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa 64, na uadilifu ulikuwa moja ya tunu zake nne. Ukitaka kujua tunu za ofisi yenu, angalia nani alipandishwa cheo mwaka jana na kwa lipi.

Dhana: "Mimi mdogo, nitabadilisha nini?"

Hapa sitaki kumdanganya mtu kwa maneno ya ushujaa. Meneja mmoja wa Wells Fargo aliripoti uchafu akafukuzwa mwaka 2010. Mamlaka za kazi za Marekani ziliamuru arudishwe na kulipwa takriban dola milioni 5.4 mwaka 2017. Miaka saba. Nani ana akiba ya miaka saba?

Lakini mwanasaikolojia Solomon Asch, miaka ya 1950, alionyesha jambo ninalolishika sana. Aliwapa watu kazi nyepesi ya kulinganisha urefu wa mistari, huku wenzao wote wakijibu uongo kwa makusudi. Karibu theluthi ya majibu yakafuata uongo wa kundi. Alipoweka mtu mmoja tu wa kusema ukweli pembeni yao, kufuata kundi kukashuka mno. Kumbe mdogo hahitaji kuwashinda wote. Anahitaji mwenzake mmoja.

Jumatatu moja binti wa uhasibu, mwenye wiki tatu tu kazini, aliinua mkono. "Samahani bosi, hii namba ya tatu imetoka wapi?" Chumba kikaganda. Kaka wa kulia kwangu akaweka kalamu chini. "Hiyo niliiandika mimi," akasema. "Niliambiwa niandike."

Mimi nilikuwa wa tatu kusema. Bosi akaifungua faili tena.