Muhuri Hauoni Ndani ya Ukuta

Mimi ni mkandarasi wa umeme mwenye leseni, na wiki iliyopita nilipigiwa simu na bwana mmoja anayejenga Goba, Dar es Salaam. Salamu zilikuwa fupi. "Kaka, nyumba imekwisha. Fundi wangu amemaliza wayaringi yote, plasta imepigwa, rangi ya kwanza imepakwa. Kilichobaki ni muhuri wako tu ili nipeleke fomu TANESCO niunganishiwe umeme. Unagonga kwa shilingi ngapi?" Hiyo ilikuwa simu ya nne ya namna hiyo tangu mwezi uanze, na nimeona heri niandike jibu langu mara moja, ili atakayefuata nimtumie asome badala ya kubishana naye juani.

Imani yenyewe ni kwamba kazi ya umeme hufanywa na fundi, na leseni ya mkandarasi ni karatasi ya kukamilisha maombi, sawa na picha mbili za pasipoti. Mwenye imani hiyo hakosi heshima. Anaamini kwa moyo mweupe kwamba ananiletea pesa ya bure na kwamba mimi ndiye ninayejivuta.

Nipite haraka kwenye suala la vyeti, kwa kuwa limeandikwa mahali pengi. Kwa Tanzania Bara, leseni ya kufunga mifumo ya umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, nayo ina madaraja, kuanzia A lililo la juu na kushuka hadi yale ya kazi ndogo, kila daraja na mipaka yake. Kampuni ya ukandarasi husajiliwa pia na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na huko daraja hufuata thamani ya kazi unayoruhusiwa kuichukua. Cheti cha VETA, yaani cha mafunzo ya ufundi stadi, kinaonyesha kwamba mtu amesoma. Si leseni, kama vile cheti cha shule ya udereva kisivyokuruhusu kuingiza gari barabarani. Kitambulisho cha kazi cha shirika lolote nacho si leseni, hata kama mwenye nacho amekuja jioni akiwa na ngazi yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye muhuri. Ninapougonga kwenye mchoro wa nyumba yako, nasema kwa maandishi kwamba kazi hii nimeifanya au nimeisimamia, nimeipima, na naibeba mimi. Maneno hayo ni mazito kwa sababu wakaguzi watakaofika kabla ya kuunganishiwa wataangalia kinachoonekana, na baada ya hapo kila kilicho upande wako wa mita ni chako. Kinachobaki ndani ya ukuta kina shahidi mmoja tu, naye ni yule aliyekuwapo kabla ya plasta.

Hapo ndipo panaponikera. Kutojua umeme si kosa, kila mtu ana fani yake. Tatizo ni saa ambayo mtu anachagua kunipigia. Angenipigia siku konduti, yaani mabomba yanayopitisha nyaya, zilipokuwa bado zinaonekana kwenye matofali, ningezunguka vyumba vyote kwa saa moja na kumaliza. Akinipigia baada ya rangi, nabaki na mega peke yake. Mega ni kifaa kizuri. Husukuma volti 500 kati ya nyaya na kukuambia kama ganda la waya linavujisha. Chini ya megaohm moja sikubali, na nyumba mpya inapaswa kuwa juu sana ya hapo. Waya uliotobolewa na msumari huwa inaukamata bila shida. Lakini nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kufungwa utepe katikati ya konduti zitatoa kipimo cha kupendeza leo, kwa sababu leo kiungo bado ni kikavu. Unene wa waya nao mega haiujui kabisa. Nimewahi kukuta waya wa milimita za mraba 2.5 kwenye bodi ya breka, wa 2.5 kwenye hita, na wa 1.5 katikati, mahali ambapo roli lilimwishia fundi na duka lilikuwa limefungwa. Kwa mega, huo ulikuwa waya mmoja safi.

Mtu atasema breka itakata. Haikati. Hita ya kuogea ya wati 5,500 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 24. Kwenye bodi kuna breka ya ampea 32, na kwa breka hiyo 24 ni mzigo wa kawaida, kwa hiyo inatulia huku ule wa 1.5 ukichemka ndani ya saruji. Breka imetengenezwa kulinda waya, na hulinda waya ule tu ambao ilichaguliwa kwa ajili yake.

Ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ni mbaya zaidi, kwa sababu nyumba isiyo na ethi inawaka taa vizuri kabisa. Tuseme fundi amechomeka kipande cha nondo futi mbili kwenye mchanga mkavu na ukinzani wake ni ohm 100. Fezi, yaani waya wenye umeme, ikigusa bati la friji, volti 230 zitapitisha ampea 2.3 tu kwenda ardhini, ambazo ni pungufu ya zile zinazotumiwa na birika la chai. Hakuna breka itakayoshtuka. Bati la friji litakaa na umeme, LUKU, mita ya kulipia kabla, itapoteza uniti zaidi ya 12 kwa siku, na mwenye nyumba atalalamika kwamba mita inakimbia. Ndiyo maana nasisitiza RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ile ambayo mafundi wengi bado wanaiita ELCB, nayo ndiyo kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti. Wengine huifunga, ikaanza kukata kila jioni, wakamwita mtu aje kuondoa usumbufu. Usumbufu ulikuwa kwenye friji, lakini kilichoondolewa ni RCD.

Nisijifanye kwamba leseni inamaliza kila kitu. Fundi bora ninayemjua mjini hapa hana leseni. Alifundishwa na mjomba wake Tandika, anakunja konduti kama anakunja karatasi, na nimemwajiri. Nawajua pia wenye leseni ambao nisingewaruhusu wabadilishe soketi ya mama yangu. Tofauti ni kwamba kazi ya fundi wangu naikagua kabla haijafunikwa, na ikiharibika nitaulizwa mimi. Kama hilo linatosha kuwa hoja, sina uhakika kila siku.

Wala mikono yangu si safi. Mwaka wa kwanza wa leseni yangu niligonga muhuri kwa nyumba moja ya Chanika kwa kumwamini rafiki aliyenihakikishia kazi ni nzuri. Baada ya miezi kadhaa niliitwa kuongeza soketi ya jikoni, nikafungua bodi, nikakuta waya wa ethi wa nyumba nzima umekunjwa vizuri nyuma ya breka, haujafungwa popote. Hakuna aliyeumia. Niliufunga, nikatafuta mahali pa kuchomeka fimbo mpya ya ethi, na sikumtoza mwenye nyumba hata senti.

Kwa hiyo, ukiwa unajenga, mtafute mkandarasi kabla ya plasta, tena kabla ya kununua nyaya. Mwombe namba ya leseni, daraja lake na tarehe ya kuisha, kisha ihakikishe EWURA. Muulize ni nani hasa atakayekuwa juu ya ngazi, na yeye mwenyewe atafika siku zipi. Mwisho wa kazi dai vipimo vyenye namba. "Ipo poa, mzee" si kipimo.

Yule bwana wa Goba nilimwambia nitakuja na mega, nitafungua soketi nitakazochagua mimi, na kama kuna ukuta wa kubomoa tutabomoa. Alinung'unika, akakubali. Mega ilisoma vizuri. Katika soketi tano nilizofungua, mbili hazikuwa na waya wa ethi, na laini ya hita tumeivuta upya kwa waya wa milimita za mraba 6, ukuta wa bafu ukiwa umechimbwa na rangi yake ya kwanza. Fimbo mpya ya ethi imenipa ohm 38. Namba hiyo hainitulizi, kwa sababu usiku wa kuamkia kipimo mvua ilinyesha, na ardhi ya Dar es Salaam ikikauka mwezi wa tisa inaweza kunipa jibu jingine kabisa. Muhuri nimegonga, maana RCD ipo na nimeijaribu. Pembeni ya ile 38 nimeandika tarehe na neno "mvua", na nimemwambia nitarudi kupima wakati wa kiangazi, bila malipo.