Jiko la Sentimita Ngapi? Dhana Potofu Ninazokutana Nazo Lamu na Malindi

Mama mmoja wa Shela, kisiwani Lamu, aliniita nimfanyie makabati ya jikoni. Nilipofika nikakuta kaunta imeshawekwa: granaiti nyeusi, imeng'arishwa mpaka unajiona uso, na katikati limeachwa pengo la sentimita 76. "Hapo patakaa jiko, fundi," akaniambia. Kipimo hicho alikitoa kwenye picha ya jikoni kwa Wamarekani aliyoipata kwenye simu. Kwao jiko la kawaida la kusimama lina upana wa inchi 30, ambazo ni hizo sentimita 76. Madukani kwetu majiko mengi ni ya sentimita 50, 60 au 90. La 90 haliingii. La 60 linaingia, lakini linaacha uwazi wa sentimita nane kila upande, mahali pa kudondokea mchele na mafuta na pa kulala panya. Jiwe likishakatwa halirudi. Nikaziba kwa vipande vya granaiti ile ile, na mpaka leo kiraka kinaonekana.

Tangu hapo sikubali kupima kabati kabla mwenye nyumba hajachagua jiko. Na kwenye kuchagua ndiko dhana potofu zilikojaa.

"Familia yetu kubwa, basi tunataka la 90"

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na huijibu kwa swali: siku ya kawaida, mkipika cha mchana, mnabandika sufuria ngapi kwa pamoja? Wengi wakihesabu wanafika tatu, ya wali, ya mchuzi na ya mboga. Jiko la 60 lina vichomeo vinne. Wingi wa watu hauongezi idadi ya sufuria. Huongeza upana wake. Sufuria ya wali yenye upana wa sentimita 36 ikikaa juu ya jiko la 60 humpanda jirani yake, na juu ya la 50 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu vichomeo vyake vimekaribiana hata sufuria mbili za kadiri zinasukumana.

Kwa hiyo nawaomba watu watoe sufuria wanazotumia kila siku, wachore kwa chaki sakafuni mraba wa sentimita 60 kwa 60, wazipange ndani. Zikienea, la 60 linatosha. Zisipoenea, hapo la 90 lina haki yake, maana mara nyingi lina vichomeo vitano na kile kikubwa kimepewa nafasi yake peke yake.

Upana wa jiko wenyewe hauharakishi chakula. Kinachoharakisha ni nguvu ya kichomeo, nayo huandikwa kwa kilowati: kidogo kiasi cha 1, cha kati 1.75 hivi, kikubwa 3, na kile cha duara tatu za moto hufika 3.5 au zaidi. Kichomeo cha kilowati 3 huchemsha maji sawasawa, kiwe kwenye jiko la 60 au la 90.

"Na harusi je? Na Maulidi?" Lamu pilau ya harusi haipikwi juu ya jiko la gesi. Masufuria ya karamu hubandikwa nje, juu ya mafiga, kwa kuni, na wapishi wake wanajulikana mtaani. Anayenunua jiko kwa ajili ya siku mbili za mwaka ataishi nalo siku nyingine zote, akikosa hata pa kukaa na mbuzi akakuna nazi.

"Sitini ni sitini"

Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi cha nusu mita, zilizonyooshwa kwa jicho la fundi. Nimewahi kupata tofauti ya sentimita tatu baina ya sakafu na kimo cha kaunta kwenye pengo lile lile. Pima chini, pima katikati, pima juu. Kisha rudia upande wa nyuma. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho chako.

Halafu kuna kina, ambacho watu hukisahau kabisa. Jiko la kina cha sentimita 60 halikai sentimita 60 kutoka ukutani, kwa sababu nyuma yake kuna mpira wa gesi na plagi. Mbele kuna mlango wa oveni, ambao ukishuka unachukua karibu nusu mita. Vyumba vya kale vya Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mkoko, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Chukua chumba cha mita 2.6, weka kaunta za sentimita 60 pande zote mbili, inabaki mita 1.4. Fungua oveni, inabaki sentimita 90, na humo ndimo atakamosimama mtu mwenye trei ya moto mikononi, na mtoto akipita nyuma yake. Mimi ninapoona hesabu hiyo huondoa kaunta ya upande mmoja.

Malindi, kwenye nyumba mpya za matofali ya simiti, nafasi ipo. Kosa la huko ni kulibana la 90 kati ya friji na kabati, pasibaki hata shubiri mbili za kaunta za kutulia sufuria iliyoepuliwa. Bora la 60 lenye kaunta kushoto na kulia.

"Likifika Mokowe limefika"

Likifika Mokowe, kituo cha bara cha kuvukia kwenda Lamu, ndiyo kwanza safari inaanza. Kutoka hapo ni boti, halafu gati, halafu mkokoteni au mabega ya hamali, kwa sababu gari haliingii katika vichochoro vyetu. Kisha inakuja nyumba yenyewe. Waliojenga nyumba za Lamu hawakutaka mpita njia aone ndani: unaingia dakani, yaani baraza ya mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa ndani, unakata kona ndipo unatokea kiwandani, yaani uani. Mtu hupita bila kufikiri. Boksi la sentimita 98 kwa 70 halipiti hivyo. Na jikoni, katika nyumba nyingi za kale, kuko juu kabisa, ili moshi na joto visishuke vyumbani. Kwa hiyo baada ya kona kuna ngazi, nyembamba, nayo ina kona yake.

Nimeona jiko la 90 likilala tekani siku nne. Liligoma kwenye kona ya ngazi hata baada ya kutolewa boksini na kung'olewa mlango wa oveni. Duka lilikataa kulirudisha kwa kuwa limeshafunguliwa, na mwenyewe akaliuza kwa hasara. Iliniuma, maana tepu ingemwambia ukweli huo kwa dakika kumi. Anza kupima kichochoroni, maliza juu. Pima mlango ukiwa umefunguka wote, na kwenye kona pima pande zote mbili pamoja na urefu wa kwenda juu. Kipimo cha boksi uliza dukani, usikisie kutokana na jiko lililo kwenye maonyesho.

"Sakafu ya boriti haitabeba jiko kubwa"

Jiko la 60 huwa na kilo 40 na kitu, la 90 hufika 70 au zaidi. Huo ni uzito wa mtu mzima mmoja, na sakafu hiyo imebeba watu wengi kwa pamoja. Kinachoangusha sakafu ni ncha ya boriti iliyooza ndani ya ukuta kwa maji ya sinki yanayovuja. Kagua hizo kabla ya kuleta jiko la ukubwa wowote.

"Jiko kubwa linakula gesi"

Kilo moja ya gesi ina nishati ya takriban kilowati 13 kwa saa moja. Kichomeo cha kilowati 3 kikifunguliwa chote kinatumia kama gramu 230 kwa saa, popote kilipo. Vichomeo vilivyozimwa havili kitu.

Oveni ndiyo yenye tofauti. Oveni ya jiko la 90 inaweza kupita lita 100, na hewa yote hiyo pamoja na chuma chake lazima vipashwe moto hata kama ndani kuna mkate wa sinia mmoja. Lakini ndogo nayo ina mtego wake: kuta za oveni zina pamba ya kuzuia joto, kwa hiyo upana wa ndani ni mdogo sana kuliko wa nje. Nenda dukani na sinia lako. Kweli, libebe, uliingize, ufunge mlango.

Na unapogawa nafasi, ukumbuke mtungi wa kilo 13. Unataka kama sentimita 40 zake, mbali na ubavu wa oveni, na kabati lake liwe na matundu chini, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja inalala sakafuni.

"Jiko la kutoboa kaunta la 60, tundu lake ni 60"

Ukitoboa 60 jiko litazama. Uso ndio 60. Tundu mara nyingi ni sentimita 56 kwa 48. Fuata karatasi iliyokuja na jiko hilo hilo. Kwa nyumba yenye ngazi mbaya, mimi huwashauri watu walitazame jiko la aina hii na oveni ndogo ya kando, maana linapandishwa na mtu mmoja kwapani.

"Soketi ni soketi"

Soketi yetu ya ampea 13, kwa volti 240, mwisho wake ni kilowati 3 na kidogo. Oveni ya umeme ya kilowati 2.5 inaenea. Jiko la 90 la umeme mtupu linahitaji waya wake nene na swichi yake kutoka ubao mkuu wa umeme.

"Wazee walipika kuni chini ya makuti, gesi itadhuru nini?"

Wazee walipika kwa mafiga, moto ukiwa chini sakafuni. Jiko la kusimama linaupandisha moto huo karibu mita nzima kuelekea makuti, na juu yake kuna karai la mafuta ya mahamri. Kipimo cha kwenda juu kimebadilika, ingawa paa ni lile lile. Hata kabati la mbao huwa naliweka sentimita 75 juu ya vichomeo. Makuti makavu yanahitaji umbali mkubwa zaidi, na upepo wa juu huko, kusi au kaskazi, unaulaza mwali pembeni.

Mara ya mwisho kazi ya namna hii ilikuwa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Darini palikuwa na upande mmoja tu wenye paa la mawe juu yake na ukuta wa kukinga kusi, upana wake sentimita 70. Mwenye nyumba alikuwa ameagiza la 90. Tulipiga simu siku hiyo hiyo, kabla halijapakiwa, likabadilishwa kwa la 60.